Ile risasi ilibakije ndani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua, na mnivumilie nikirefusha, maana jambo lenyewe ndilo lililonilisha maisha yangu yote ya kazi. Mara kwa mara gazeti hutuletea habari fupi ya mtu aliyejeruhiwa au kuuawa kwa risasi ambayo hakuna aliyekusudia kuifyatua. Habari hizo zinafanana mno. Mwenye bunduki alikuwa akiisafisha, au akimwonyesha rafiki, au mtoto aliikuta chini ya godoro. Aliyeishika anaapa kwamba alijua haina kitu. Kisha tunatajiwa hospitali, tunapewa kauli ya polisi kwamba uchunguzi unaendelea, na habari inakatikia hapo. Swali ambalo mimi ningeanza nalo haliulizwi: ile risasi ilibakije ndani? Nani aliikagua silaha hiyo mara ya mwisho, na aliikagua vipi? Mwandishi wenu akilipata jibu hilo, hata kama ni siku tatu baadaye, lichapisheni. Msomaji mwenye silaha kabatini atafaidika nalo kuliko na picha ya umati uliokusanyika nje ya geti.

Nilikuwa mtunza ghala la silaha hadi nilipostaafu. Kazi yenyewe ni kukaa nyuma ya dirisha la nondo, daftari upande huu, pipa la mchanga upande ule, ukitoa bunduki asubuhi na kuzipokea jioni. Vijana waliniita Mama Fungua. Kijana anafika dirishani amechoka, anaweka bastola mezani, anafuta jasho, anasema, "Mama, hii haina kitu." Namjibu, "Nimesikia, mwanangu. Fungua nione."

Hapo ndipo mtu hujulikana. Aliyefunzwa akafunzika anaielekeza bastola kwenye pipa la mchanga, kidole chake kimenyooka pembeni mwa fremu, mbali na kifyatulio. Anachomoa magazini kwanza, kile kikasha cha risasi, anaiweka kando. Anavuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, mpaka mwisho na kuifunga ikae nyuma. Anachungulia chemba, kisha anaingiza ncha ya kidole kidogo apapase kama kuna kitu. Anatazama na lile tundu la magazini kwenye mpini, halafu ananikabidhi ikiwa wazi vilevile. Nami naanza upya. Nachungulia, napapasa, natazama, ingawa yote hayo ameyafanya mbele ya macho yangu. Mkubwa mmoja aliwahi kuudhika, akaniuliza kama namwona mwongo. Nikamwambia, "Mzee, sikukagui wewe. Nakagua chuma." Alinuna, lakini alisubiri.

Je, kuna siku risasi ilitoka? Ilitoka, tena zaidi ya siku moja, na haikutoka kamwe kwa mtu mwenye wasiwasi. Ilitoka kwa wale waliokuwa na hakika.

Nieleze inavyotokea, kwa sababu hata baadhi ya wanaomiliki bastola kwa miaka hawajawahi kuelezwa. Bastola ya magazini ina mahali pawili ambapo risasi hukaa. Kwanza ni ndani ya magazini, zimepangana. Pili ni chemba, yaani nyuma ya mtutu, ambamo risasi moja husubiri kupigwa. Ukichomoa magazini umeziondoa zile za magazini tu. Ya chemba iko palepale, nayo ndiyo itakayotoka kifyatulio kikivutwa. Kuna bastola zilizotengenezwa zisiweze kufyatuka magazini ikiwa nje, na kuna nyingine nyingi zisizo na kizuizi hicho. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Aliyezoea aina ya kwanza akiazimwa aina ya pili anakuwa na imani isiyokuwa na msingi, na imani hiyo yuko nayo mkononi.

Kosa kubwa zaidi ni la mpangilio. Mtu anajua fika kwamba kuna hatua mbili, kutoa magazini na kuvuta slaidi, lakini anazigeuza. Anavuta slaidi kwanza. Risasi ya chemba inaruka nje, inabingirika mezani, anaiona kwa macho yake na roho inatulia. Asichokiona ni kwamba slaidi ilipokuwa ikirudi mbele ilikokota risasi nyingine kutoka kwenye magazini ikaisukumia chemba. Sasa ndipo anachomoa magazini. Ana risasi moja mezani, ana magazini mkononi, amefanya kila alichofundishwa, na bastola yake iko tayari kuua. Mtu wa namna hii ukimwambia haikuwa tupu atabisha mpaka kesho, maana aliiona ikitoka.

Na ndiyo sababu ya kile kidole kidogo kinachochekesha vijana wapya. Ndani ya slaidi kuna kikucha kinachong'ang'ania ukingo wa ganda na kulivuta nje. Kikikatika ncha, au kikijaa masizi, utavuta slaidi mara kumi na ganda lisitoke. Usiku, au mahali penye mwanga hafifu, shaba ya ganda na chuma cha chemba huonekana rangi moja. Jicho linaweza kudanganyika hapo, kidole hakidanganyiki.

Bunduki nyingine zina mafumbo yake. Ile ya marisawa yenye bomba chini ya mtutu huweka risasi ndani ya bomba hilo. Utaitoa ya chemba, na ukivuta na kusukuma tena inapanda nyingine. Unaivuta mpaka isitoe kitu, kisha unapapasa chemba na mlango wa bomba. Raifoli ndogo za bomba ni vilevile, tena mbaya zaidi, kwani risasi moja ndogo inaweza kukwama bombani ikashuka baadaye bunduki ikitikiswa. Rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka, ndiyo rahisi kuliko zote: fungua silinda, sukuma maganda yote, hesabu matundu. Hata hivyo nimeshuhudia mtu akiinamisha rivolva, risasi tano zikaanguka, ya sita ikabaki imeng'ang'ania kwa uchafu.

Terry Kath alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya Chicago ya Marekani. Tarehe 23 Januari 1978, siku chache kabla ya kutimiza miaka 32, alikuwa nyumbani kwa mwenzake akichezea bastola ya milimita 9. Mwenzake aliingiwa na hofu. Kath alimtuliza kwa kumwonyesha magazini, nayo kweli haikuwa na risasi. Risasi ilikuwa chemba, nayo ikamuua. Mtu huyu alikuwa mpenzi wa bunduki aliyezijua. Hakuwa mgeni aliyeokota kitu njiani. Kila kijana aliyewahi kunionyesha magazini tupu kama ushahidi nilimsimulia kisa hicho, na wengine walikisikia mara nyingi mpaka wakawa wananimalizia.

Kisa cha pili nilikifuatilia kwa karibu zaidi, kwa kuwa aliyefungwa alikuwa na kazi kama yangu. Tarehe 21 Oktoba 2021, kwenye maandalizi ya filamu huko New Mexico, rivolva iliyokuwa mikononi mwa mwigizaji Alec Baldwin ilifyatuka ikamuua mpigapicha mkuu, Halyna Hutchins, na kumjeruhi mwongozaji. Silaha hiyo ilikuwa imetangazwa kuwa salama kabla ya kumfikia. Ndani yake palitakiwa kuwa na risasi za maonyesho tu, zile zisizo na baruti. Risasi za aina hiyo nyingi huwekwa gololi ndogo ndani, ukiitikisa sikioni inalia. Ya kweli hailii. Kwa hiyo ukaguzi wake ni kuzitoa zote na kutikisa moja moja, kazi ya dakika moja hivi. Mwaka 2024 mtunza silaha wa filamu hiyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Watu walibishana sana kuhusu nani alaumiwe, na mahakama ilikuwa na kazi yake. Mimi niliona jambo moja tu: silaha ilipita mikono kadhaa, na kila mkono ulipokea neno la mkono uliotangulia.

Ndiyo maana nasema, Mhariri, kwamba ukaguzi hauazimwi. Bunduki ikitoka mkononi mwako ikaenda kwa mwingine na kurudi, hata kama hamjaachana macho, ikague tena. Ukiiweka mezani ukaenda kupokea simu, ikague tena. Ukikabidhiwa ikiwa imefungwa, usiipokee. Mwambie aliyekupa aifungue kwanza. Anayeona haya kumwambia hivyo baba mkwe au bosi wake ajue kwamba risasi haina adabu ya kuangalia cheo.

Wengi wenu mmesikia zile sheria nne zilizoenezwa na Jeff Cooper, mwanajeshi mstaafu wa Marekani aliyefungua shule ya shabaha Arizona mwaka 1976: kila bunduki ihesabike ina risasi, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeshalenga, jua unachopiga na kilicho nyuma yake. Ni sheria nzuri na sina la kuzipinga. Ila watu huzikariri zote nne kwa sauti moja, kisha dakika ileile wanaipokea bunduki na kuipima jicho kwa kumlenga jirani. Uzuri wa sheria hizo ni kwamba lazima uvunje zaidi ya moja kwa pamoja ndipo mtu aumie. Ukikosea kukagua lakini mtutu ukawa unaangalia mchangani, umepoteza risasi moja na heshima yako kidogo. Utaandika maelezo, utalala nyumbani kwako.

Hapo kwenye mtutu pana jambo linalohitaji akili zaidi ya kukariri. Watu hufundishwa "elekeza upande salama," kisha wanaelekeza juu au chini bila kufikiri. Kwenye jengo la ghorofa, juu ni sakafu ya mtu mwingine. Chini kukiwa na zege tupu, risasi inagonga na kuruka, na vipande vyake vinarudi kwenye miguu. Ukuta wa mbao au wa ubao wa jasi hauzuii chochote. Risasi ya bastola hupenya na kwenda chumba cha pili, na ya raifoli huenda mbali zaidi ya hapo. Mwenye silaha nyumbani akae siku moja, mikono mitupu, azunguke chumba kwa chumba ajiulize: kama ingefyatuka hapa, ingeishia wapi? Akishapata kona moja ambayo nyuma yake ni tofali nene au udongo, na hakuna anayepita huko, hiyo ndiyo sehemu yake ya kupakia na kupakua, si sebuleni. Ndoo kubwa iliyoshindiliwa mchanga mkavu inasaidia sana, na haina gharama.

Kuhusu kidole, naomba mniamini kwamba tatizo halihusu ujasiri. Mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, Roger Enoka, aliandika mwaka 2003 kuhusu sababu tatu zinazoufanya mkono ujikunje bila mwenyewe kuamua: kushtuka, kuyumba na kutaka kuanguka, na mkono wa pili kubana kitu kwa nguvu. Hii ya tatu watu hawaijui. Ukimkamata mtu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika bastola, mkono wa kulia nao unabana. Vifyatulio vya bastola nyingi vinahitaji nguvu ya kilo mbili au tatu hivi. Mkono ulioshtuka unaipita hiyo kwa mbali. Kwa hiyo kidole kinachopumzika juu ya kifyatulio "kwa tahadhari tu" kinangoja mlango ubamizwe au mguu ujikwae. Kikae juu, kimenyooka kwenye fremu, mpaka wakati wa kupiga kweli.

Kuna wanaotegemea sefti. Sefti, kile kizuizi cha kufunga kifyatulio, ni kifaa, na kifaa huchakaa, husahaulika, hujisukuma chenyewe ndani ya mkoba. Iwashe, ndiyo, kisha uendelee kuishi kama vile haipo.

Na bastola ikikuponyoka, iache ianguke. Najua mwili unataka kuidaka. Bastola nyingi za leo zimetengenezwa zisifyatuke zikigonga chini, lakini anayeidaka hewani mara nyingi hudaka kwa kidole kinachoingia kwenye kifyatulio. Waangalifu wawe wale wenye rivolva za zamani, zile za mtindo wa mwaka 1873, ambazo nyundo yake hulala juu ya risasi. Ikianguka kwa nyundo inaweza kulia. Wazee waliozitumia walibeba risasi tano kwenye matundu sita, nyundo ikilala juu ya tundu tupu. Walijua walichokuwa wakikifanya.

Kurudisha bastola kwenye ala yake kiunoni nako kumewaumiza wengi mapajani. Kona ya shati au kamba ya koti huingia ndani ya kinga ya kifyatulio, mtu anasukuma, shati linavuta. Hakuna tuzo ya kurudisha haraka. Vuta nguo kando, tazama kwa macho, ingiza polepole.

Sasa kusafisha. Nimesoma "alikuwa akiisafisha" mara nyingi kiasi kwamba huwa najiuliza kama wote walikuwa wakisafisha kweli, lakini tuliache hilo. Ukweli ni kwamba kuna bastola ambazo haziwezi kufunguliwa sehemu zake mpaka kwanza uvute kifyatulio. Ndivyo zilivyoundwa. Mwenye bastola ya namna hiyo anavuta kifyatulio kwa makusudi kila anapotaka kusafisha, na kama alibakiza risasi chemba, itatoka. Dawa yake ni ndogo: risasi zote, pamoja na zile za mfukoni, zitoke kwenye chumba hicho kabla kitambaa na mafuta havijaingia. Unakagua mara ya kwanza ukifika, unakagua tena kabla ya kuvuta, na unavuta mtutu ukiwa kwenye ndoo ya mchanga. Redio izimwe, watoto watoke, simu ikae mbali. Ukikatizwa katikati, anza mwanzo. Na ukimaliza ukataka kupakia tena, usijaribu kifyatulio "kidogo tu" baada ya kupakia. Sitanii, wapo waliofanya hivyo.

Kwenye uwanja wa shabaha kuna mambo mawili ambayo watu huyapuuza. Ukivuta kifyatulio na risasi isilie, usiifungue upesi. Baruti inaweza kuchelewa kushika. Ubakize mtutu kwenye shabaha, hesabu hadi thelathini bila haraka, ndipo utoe. La pili ni kinyume chake: risasi imelia, lakini mlio ni dhaifu na teke halikusikika begani. Simama hapohapo. Huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ukipiga ya pili nyuma yake mtutu unaweza kupasuka. Mwigizaji Brandon Lee aliuawa Machi 1993 kwa sababu ya namna hiyo: kichwa cha risasi kilikuwa kimebaki kwenye mtutu wa rivolva bila mtu kukagua, kisha ikapigwa risasi baridi nyuma yake, yaani yenye baruti bila kichwa, ikakisukuma nje. Risasi baridi yenyewe haina huruma pia. Jon-Erik Hexum, mwigizaji mwingine, alikufa mwaka 1984 baada ya kujiwekea kichwani kwa mzaha bastola yenye risasi baridi. Nguvu ya risasi hiyo isiyo na kichwa ilitosha kuvunja fuvu.

Wenye bunduki za marisawa wasichanganye risasi za kipimo cha 20 na za 12 kwenye mfuko mmoja. Ile ya 20 ni nyembamba. Ukiiingiza kwenye bunduki ya 12 inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu, ukiangalia chemba unaiona tupu, unapakia ya 12 nyuma yake. Ndiyo sababu viwanda hutengeneza za 20 zikiwa na ganda la manjano. Rangi hiyo iko pale kwa ajili yako. Vaa kinga ya masikio, hata kwa mlio mmoja, kwani mlio wa bunduki nyingi hupita desibeli 140 na usikivu ukishaondoka haurudi. Nawa mikono kabla ya kula au kumbeba mtoto, kwa sababu ya vumbi la madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Ya kupiga hewani kwenye sherehe sitawachosha nayo. Kilichopanda kinashuka. Risasi ya raifoli iliyopigwa wima hurudi kwa mwendo wa karibu mita 90 kwa sekunde, unaotosha kuingia kichwani, na wengi hawapigi wima bali kwa mshazari, ambapo inarudi na kasi kubwa zaidi.

Watoto ndio wanaoninyima usingizi. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa watoto la Marekani lilichapisha jaribio ambalo kila mzazi mwenye silaha angepaswa kulijua. Wavulana 64 wa umri wa miaka 8 hadi 12 waliachwa, wawili wawili au watatu watatu, katika chumba chenye droo, na ndani ya droo moja kulikuwa na bastola halisi isiyoweza kudhuru, iliyofungwa kifaa cha kuonyesha kama kifyatulio kimevutwa. Wavulana 48 waliikuta. Kati yao 30 waliishika. Na 16 walivuta kifyatulio. Karibu nusu ya walioikuta walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na uhakika. Linaloumiza zaidi ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta kifyatulio walikuwa wamewahi kufundishwa habari za usalama wa bunduki.

Mfundishe mtoto, sikatai: asiguse, aondoke, amwite mtu mzima. Lakini usilaze usalama wa nyumba juu ya kumbukumbu ya mtoto wa miaka 9 aliye na rafiki yake. Juu ya kabati si mahali pa kutunzia, wala chini ya godoro. Watoto wanajua kila kitu kilichofichwa ndani ya nyumba. Waulize zawadi zao zilikuwa wapi. Na msidanganyike kwamba mtoto mdogo hana nguvu ya kuvuta. Asipoweza kwa kidole kimoja huigeuza na kusukuma kwa vidole gumba viwili, mtutu ukimwangalia yeye mwenyewe usoni. Silaha ifungwe kwa kufuli ikiwa tupu, risasi zifungwe mahali pengine, na funguo zikae na mtu, zisining'inie kwenye msumari ukutani.

Nasikia tayari wanaonijibu: silaha ya kujilinda iliyofungwa itanisaidia nini saa nane za usiku? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba bastola ya namna hiyo ina mahali pawili tu. Iko mwilini mwako, ndani ya ala inayofunika kifyatulio, ukiwa macho na hujanywa. Au iko ndani ya kasha dogo la chuma la namba au alama ya kidole, lililofungwa kwa bolti, ambalo mwenye mazoezi hulifungua kwa sekunde chache gizani. Kwenye droo ya kitanda, chini ya mto au kwenye gari hapana. Asiyekuwa tayari kufanya mazoezi ya kufungua hilo kasha mpaka mkono ulizoee, sidhani kama yuko tayari kwa jambo lenyewe analoliogopa.

Nimalizie na wale wanaonipigia simu tangu nilipostaafu, wengi wao wajane na watoto wa marehemu. Baba amefariki, wanapanga nguo, na nyuma ya kabati kuna bunduki iliyofungwa kanga. Wanauliza wafanyeje. Nawaambia: msiifungue, msiijaribu, msimwite shemeji anayejifanya anajua. Iacheni palepale, fungeni chumba, ufunguo akae nao mtu mmoja. Mkijua kitabu au kibali chake kilipo, kitafuteni bila kuigusa yenyewe. Kisha pigeni simu polisi, mweleze ni nyumba gani na iko upande gani wa chumba, waje kuichukua wao. Msiibebe kwenda nayo kituoni. Askari wa zamu akimwona mtu anaingia mlangoni na bunduki mkononi, hawezi kujua kwamba umekuja kuisalimisha.

Wenu,
Mama Fungua,
mtunza ghala la silaha mstaafu